Pistoni Iliyolala Upande

Ukipanda kutoka mjini Bukoba, pale njia ya Kibeta inapoachana na ya Nshambya, utaona kibanda cha bati la bluu na mbele yake benchi lililobonyea katikati. Kibanda ni changu. Nachaji simu za watu na kuuza vocha, ndiyo maana wananiita Chaji, ingawa Lameki anasema ni kwa sababu nikiguswa kidogo tu nawaka. Benchi ni la wote. Upande wa kulia hukaa Aristides, mwenyekiti wa bodaboda wa kijiwe hiki, mtu asiyeweza hata kuomba chumvi bila kuanza na "hoja yangu". Katikati hukaa huyo Lameki, tuliyembatiza VAR, maana hakuna tukio, liwe goli au ajali au ndoa iliyovunjika, analolikubali mpaka lirudiwe tangu mwanzo. Anayemimina kahawa ni Zahoro. Huyu aliwahi kufagia gereji moja mjini, akatoka huko na bisibisi ndefu na cheo cha Dokta. Methali za baba yake wa Ujiji anazo tele, ila sijamsikia akiiweka hata moja mahali pake. Sisi Wahaya tumetafuna kahawa tangu utotoni, lakini ya Zahoro tunainywa kwa sababu inakuja na maneno.

Alhamisi hiyo tuliisikia pikipiki kabla hatujaiona. Chakachaka, chakachaka, chakachaka. Ilikuwa kama mtu amevaa njuga anakuja mbio. Ikatokea kwenye mteremko, na juu yake alikuwa Kokwijuka, suruali ina tope upande mmoja, kioo cha kulia kimeinama.

Kokwijuka ni mwanamke pekee anayeendesha bodaboda kijiweni kwetu. Pikipiki ni ya Mzee Rugaibula wa Nshambya. Alimkabidhi baada ya kubembelezwa sana, tena mbele yetu sote, kwa sharti moja: siku akiiangusha na injini ikaumia, funguo zirudi siku hiyohiyo na asiende kulia mlangoni kwake. Wenzake huanguka kila msimu wa mvua na wenye pikipiki zao wanaguna tu, yanaisha. Sharti lile alipewa yeye peke yake kwa kuwa ni mwanamke, na mimi lilinikera tangu siku ile na linanikera mpaka leo. Pikipiki ikichukuliwa, Kokwijuka anarudi Muleba kupalilia migomba ya watu, na huko ndiko alikotoka kwa jasho lake mwenyewe.

Akaegesha mbele ya benchi. Hakuzima.

Kokwijuka: Kaka zangu, nimeanguka. Kidogo tu.

Lameki: Anza mwanzo.

Kokwijuka: Nimetoka Muleba alfajiri nikiwa na nusu gunia la kahawa ya maganda ya shenkazi, shangazi yangu. Pale kwenye kona ya Kibeta malori yameacha tope. Nikateleza, pikipiki ikalala. Hata si kuanguka, ni kulala. Gunia likapasuka, kina mama wakanisaidia kuzoa, nikalifunga, nikalipeleka chama cha msingi. Lakini tangu hapo ndiyo inalia hivi.

Aristides akaweka kikombe chini. Nikajua tumekwisha.

Aristides: Hoja yangu ya kwanza. Zima.

Akazima.

Aristides: Hoja yangu ya pili. Washa.

Akawasha. Chakachaka, chakachaka.

Lameki: Ulianguka upande gani?

Kokwijuka: Kulia.

Lameki: Kulia kwako au kulia kwa pikipiki?

Kokwijuka: Kaka Lameki, nilikuwa nimeikalia. Kulia ni kulekule.

Lameki: Usiseme hivyo. Mtu akianguka anageuka. Mimi nimeona goli likikataliwa kwa bega. Hebu simama hivi, mkono hivi, sasa anguka polepole.

Kokwijuka: Sianguki tena, kaka. Mara moja imetosha.

Aristides: Hoja yangu ya tatu, hizo ni valvu. Pikipiki ikilala, valvu zinagongana. Ikisimama zinakuwa zimekosana. Kinachosikika ni ugomvi.

Lameki: Valvu hazigombani. Hiyo ni pistoni. Kila kitu kililala kulia, kweli si kweli?

Aristides: Kweli.

Lameki: Pikipiki ikainuliwa, kweli si kweli?

Aristides: Kweli.

Lameki: Nani aliinua pistoni?

Hata mimi nilijikuta nafikiria, nani aliinua pistoni?

Lameki: Hakuna! Pistoni iko humo ndani, imelala upande. Inapanda na kushuka huku imelala.

Zahoro: Ndiyo maana wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Pistoni imeinama.

Aristides: Inatafuta nini mvunguni?

Zahoro: Oili. Oili iko chini.

Kokwijuka alikuwa amezima na kushuka, amechuchumaa upande wa kulia wa pikipiki, anachungulia chini. Akanyoosha mkono kwenye bomba la moshi.

Kokwijuka: Mimi naona kama sauti inatokea huku pembeni. Naomba spana ya kumi nilegeze...

Aristides: Kanuni!

Lazima niieleze hiyo kanuni, maana bila hiyo tungemaliza mapema. Kijiwe chetu kina sheria yake: pikipiki iliyoanguka haiguswi na aliyeiangusha mpaka kijiwe kimeisikiliza na kukubaliana. Ilitungwa baada ya mwenzetu mmoja kujitengenezea pikipiki yake hapahapa, akawasha, akaondoka kwa mbwembwe, na nyuma yake benchini zikabaki bolti tatu. Tulimkuta kabla ya kufika mjini, amekaa kando ya barabara ameshika usukani mkononi. Kwa hiyo si kanuni ya kijinga. Ujinga ni wetu sisi tunaoisimamia, maana tangu itungwe, kijiwe hakijawahi kukubaliana jambo lolote.

Mimi: Mwenyekiti, mwache aangalie. Yeye ndiye aliyekuwa juu yake.

Aristides: Chaji, aliyeanguka ana mshtuko. Mikono yake haiaminiki kwa sasa. Hoja yangu ni kumlinda.

Kokwijuka: Mikono yangu imeiendesha kutoka Kibeta mpaka hapa.

Aristides: Mshtuko hauji palepale, dada. Unakuja ukishakaa.

Kokwijuka: Basi sikai.

Na kweli hakukaa. Akasimama na funguo mkononi.

Zahoro akachomoa bisibisi yake. Akaomba injini iwashwe. Akaweka ncha kwenye injini na mpini sikioni, akafumba macho, akaonyesha kwa kidole kwamba mafuta yaongezwe. Chakachaka ikawa chakachakachakachaka. Akaonyesha yaongezwe tena. Akakaa hivyo muda, uso wake mtulivu, huku moshi unatufunika sote.

Lameki: Dokta, unasikia nini?

Zahoro: Kuna kitu kinataka kutoka.

Lameki: Kitu gani?

Zahoro: Hakijasema.

Akahamisha bisibisi.

Zahoro: Kina miguu.

Aristides: Miguu?

Zahoro: Mingi. Kinakwangua. Huyo ni senene.

Lameki: Senene mwezi huu? Senene hawaruki mpaka Novemba.

Zahoro: Huyo ni wa mwaka jana.

Lameki: Akae injini mwaka mzima?

Zahoro: Alikuwa amelala kwenye kabureta. Pikipiki ilipoanguka, akaamka. Wahenga walisema, aliyelala usimwamshe.

Aristides: Senene akae kwenye petroli mwaka mzima yuko hai?

Zahoro: Mwenyekiti, wewe unakunywa gongo tangu nikujue, na uko hai.

Hapo tulicheka mpaka benchi likalia. Kokwijuka hakucheka. Nilimtazama nikaona aibu ya kucheka, nikanyamaza.

Lameki alipomaliza kucheka alitoa simu, akaitazama, akakohoa kidogo.

Lameki: Mzee amejibu.

Mimi: Mzee gani?

Lameki: Mzee Rugaibula. Nilimrekodia ile sauti nikamtumia. Nilitaka atoe maoni yake, ni pikipiki yake.

Mimi: Wewe Lameki! Akili yako iko wapi? Umemtumia mwenye pikipiki sauti ya pikipiki yake inakufa?

Lameki: Nilitaka tuwe na mtazamo wa upande wa pili!

Kokwijuka: Amejibu nini?

Lameki: Amejibu neno moja tu. "Nakuja."

Kokwijuka akageuka. Akaangalia barabara ya Nshambya, kisha akaangalia funguo. Nataka niseme ukweli, moyo uliniuma. Nilimwona yule msichana akianza kuaga kijiwe bila kufungua mdomo. Nikatamani nimpige Lameki na chaja.

Mimi: Sasa sikilizeni. Mzee anatoka Nshambya kwa miguu, na goti lake mnalijua. Tuna muda. Ama mmwache huyu dada afungue hicho anachotaka kufungua, ama mkubaliane mara moja hii injini ina nini.

Aristides: Chaji amesema vizuri. Tukubaliane. Washa.

Wakawasha. Sasa kila mtu alitaka asikilize mara ya mwisho, na kila mara ya mwisho ilihitaji mafuta mengi kuliko iliyotangulia. Zahoro akasema debe tupu haliachi kuvuma, kwa hiyo tatizo ni tanki. Tanki likafunguliwa. Limejaa. Zahoro akasema, basi debe limejaa, ndiyo maana linavuma zaidi. Lameki akataka pikipiki ilazwe upande wa kushoto ili pistoni irudi katikati. Nikamwambia akiilaza na yeye nitamlaza. Mimi mwenyewe, kwa kuona aibu ya kuwa mtu pekee asiye na maoni, nikasema huenda ni betri. Wote walinigeukia kwa huruma.

Ndipo Aristides akasimama. Akisimama ujue hoja ni nzito.

Aristides: Mnasahau tetemeko.

Lameki: Tetemeko gani?

Aristides: Liko lingine? Lile lililotulaza nje sote. Siku ile kila chuma kilichokuwa Bukoba kilipata ufa wa ndani. Ufa huo hauonekani. Unakaa kimya miaka na miaka. Siku chuma kikianguka kidogo tu, kinakumbuka.

Lameki: Mwenyekiti, hii pikipiki imenunuliwa mwaka juzi.

Aristides: Imenunuliwa mwaka juzi. Chuma chake kilikuwa wapi wakati wa tetemeko?

Lameki: India.

Aristides: Na tetemeko lilisikika mpaka wapi?

Lameki: Si mpaka India!

Aristides: Wewe ulikuwepo India?

Lameki akaitazama simu yake. Hilo halikuwa na marudio.

Zahoro: Mwenyekiti ameua. Mficha uchi hazai.

Aristides: Hiyo inaingiaje?

Zahoro: Ufa umefichwa. Haya, nani ananidai kahawa tulifunge hili?

Akainua buli, akaliinamisha juu ya kikombe cha Aristides. Likatoa tone moja, tena baada ya kufikiria. Akafunua kifuniko, akachungulia, akaangalia jiko lake. Katika yale maneno yote hakuna aliyekumbuka kuongeza mkaa. Jiko lilikuwa limezimika zamani, jivu tupu, ungeweza kulishika kwa mkono.

Zahoro: Kahawa imekwisha, ndugu zangu.

Hilo kijiweni kwetu ni kama kengele ya kanisa. Watu huanza kujikung'uta. Lakini hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuondoka mbele ya Kokwijuka, kwa hiyo tukabaki tumesimama kama watu waliosahau walichokuja kufanya.

Ndipo akatokea Mama Vipul. Jina lake ni Kantaben, bibi mwenye duka la vitambaa kule mjini, mmoja wa wale Wahindi wachache waliobaki wengine walipoondoka. Amezaliwa Bukoba, Kihaya anakijua kuliko sisi, na akikukosoa anakukosoa kwa Kihaya ili kiume vizuri. Alikuwa ametokea kwa mteja wake hapo jirani, amebeba kifurushi kikubwa kifuani. Hakuwa amesikia lolote katika habari yetu.

Mama Vipul: Waitu, jamani, nani ananipeleka Kagondo? Sare za kwaya ya Kilutheri hizi, Agnetha wao ananisubiri azijaribu.

Aristides: Mama, karibu. Utapata pikipiki, ila tuko katika kikao kidogo.

Mama Vipul hakumjibu. Alikuwa amesimama karibu na pikipiki ya Kokwijuka, ameinua pua. Akavuta hewa. Akavuta tena.

Mama Vipul: Nani anakaanga kahawa?

Zahoro: Mama, hapa ni kijiwe cha kahawa. Hata mimi nanukia kahawa.

Mama Vipul: Wewe unanukia kahawa iliyochemka jana, mwanangu. Mimi nasema inayokaangwa. Tena inaungua. Nani anakaanga?

Zahoro akaangalia jiko lake. Limezimika. Akaangalia buli. Tupu. Mimi nikageuka kutazama nyumba za jirani. Hakuna moshi popote. Aristides akainua kidole, nikasubiri hoja, kidole kikashuka. Na ile harufu ilikuwepo kweli, wazi kabisa, tamu kwanza na chungu nyuma yake, harufu ya jikoni kwa bibi yangu. Sote tulikuwa tumeivuta asubuhi nzima, na hakuna hata mmoja aliyeshtuka, maana ni nani Bukoba anashtuka akinusa kahawa?

Mama Vipul: Nimewauliza swali. Watu wazima wote hawa. Nani anakaanga?

Kokwijuka ndiye aliyesogea. Alisogea kama mtu anayemsikiliza mtoto amelala. Akapiga magoti upande wa kulia, akainamisha uso hadi karibu na bomba la moshi, pale penye lile bati linalozuia mguu wa abiria usiungue. Akanusa. Kisha nikamwona akitabasamu, tabasamu lililoanzia upande mmoja wa mdomo na likakataa kuishia hapo.

Kokwijuka: Chaji, spana ya kumi.

Aristides: Kanuni inasema...

Mama Vipul: Kanuni ya nani?

Aristides akatafuta mwenye kanuni kwa macho. Wote tuliangalia pembeni. Nikampa Kokwijuka spana, tena kwa mikono miwili.

Akatuonyesha kwanza. Lile bati linashikwa na bolti mbili. Ya mbele ilikuwa imeng'oka pikipiki ilipolala, na bati likafunguka mdomo. Akazungusha ile ya nyuma, akaliondoa bati kwa kitambaa cha kufutia kioo, akaligonga mara moja na mpini wa spana.

Zikamwagika chini kahawa. Kahawa ya maganda ya shangazi yake, nyeusi tii, nyingine bado zinatoa moshi. Zikarukaruka kwenye changarawe mpaka kwenye viatu vya Aristides. Wakati gunia linapasuka pale Kibeta, zilikuwa zimeingia kwenye ule uwazi, na kila injini ikitikisika nazo zinatikisika, na kila sisi tulipoomba mafuta yaongezwe ili tusikilize vizuri, bomba likazidi moto. Waliokuwa wanakaanga ni sisi.

Kokwijuka akaziokota kwa kitambaa, akasimama, akapita mbele ya benchi kama mgawa zawadi.

Kokwijuka: Mwenyekiti, pokea ufa wa tetemeko.

Akamwekea punje moja kiganjani.

Kokwijuka: Kaka VAR, hii ndiyo pistoni yako. Kweli imelala upande.

Akamwekea.

Kokwijuka: Dokta, senene wako wa mwaka jana. Ameshakaangwa.

Kokwijuka: Na wewe Chaji, betri.

Nikapokea. Ilikuwa ya moto, nikairushia mkono huu na huu, nikacheka kama mwendawazimu. Zahoro akafungua mdomo atoe methali, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakuna iliyokuja.

Sasa hakuna aliyetaja kanuni. Lameki akachomoa bolti kwenye pikipiki yake mwenyewe, sijui ya wapi, sikuuliza, akampa. Aristides akamshikia bati. Zahoro akampa bisibisi yake, ileile ambayo hamruhusu hata mke wake aiguse. Kokwijuka akafunga bolti mbili, akanyoosha kioo, akainyoosha pedali ya breki kwa kisigino. Mikono ile isiyoaminika haikukosea popote.

Akapiga kiki. Injini ikaitika. Mrrrrrr. Akaongeza mafuta. Mrrrrrrr. Hakuna njuga, hakuna chaka, hakuna ugomvi wa valvu.

Tulikuwa bado tunapiga makofi sauti ilipotoka nyuma yetu.

Mzee Rugaibula: Funguo.

Alikuwa amefika, na kofia yake na fimbo yake na goti lake. Hakusalimu. Kiganja kiko wazi mbele ya Kokwijuka.

Lameki ndiye aliyeruka kwanza, maana alijua dhambi ilianzia wapi.

Lameki: Mzee wangu, ile sauti niliyokutumia ilikuwa mtandao. Mtandao wa leo unakwaruza sana, hata...

Kokwijuka: Hapana, kaka. Asante, lakini hapana.

Akazima injini. Akachomoa funguo, akamwekea mzee kiganjani.

Kokwijuka: Mzee, nimeiangusha Kibeta leo asubuhi. Haikuwa mtandao, ililia kweli. Nimeiangusha mimi na nimeitengeneza mimi. Iwashe usikie.

Mzee akatutazama mmoja mmoja. Akaziingiza funguo mwenyewe. Kupiga kiki hawezi kwa sababu ya goti, akamwashiria Kokwijuka. Injini ikaitika. Mzee akainama, akasikiliza. Akavua kofia, akasikiliza tena. Mama Vipul akahamisha kifurushi chake kutoka mkono huu kwenda huu, akaguna kwa nguvu ili tujue anachelewa.

Mzee Rugaibula: Hii inaunguruma kuliko siku niliyoinunua. Aristides, wewe ni mwenyekiti. Nani ameitengeneza?

Nilimwona Aristides akihangaika. Kijiwe kizima kilikuwa pale, na heshima yake, na punje nyeusi ya kahawa mkononi mwake.

Aristides: Hoja yangu ni moja, Mzee.

Na kwa kweli ilikuwa moja.

Aristides: Ni yeye. Sisi tulikuwa tunamzuia.

Mzee Rugaibula: Nilisema ikianguka na injini ikaumia. Imeanguka?

Sote: Imeanguka!

Mzee Rugaibula: Injini imeumia?

Sote: Haijaumia!

Tulipiga kelele mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Mzee akazima, akachomoa funguo, akazipima kidogo mkononi kama anayezishangaa, akamrudishia.

Mzee Rugaibula: Basi zinafanya nini kwangu? Na sikiliza, binti. Ile pikipiki yangu nyingine, ile iliyomshinda fundi, iko bandani imelaliwa na kuku. Njoo uitazame. Ukiifufua nayo utaiendesha wewe, au utamtafuta wa kuiendesha chini yako. Sharti halipo tena. Lilikuwa sharti la kipumbavu.

Kokwijuka akapiga goti kumshukuru, kama tunavyofanya kwetu, na alipoinuka macho yalikuwa yamejaa, lakini kidevu kilikuwa juu. Nilitaka kusema neno zuri. Nilichoweza kusema ni kwamba simu yangu imeisha chaji, jambo ambalo kwangu haliwezekani.

Mama Vipul: Mmemaliza? Mimi nina kwaya.

Akapanda nyuma ya Kokwijuka bila kuuliza zamu ni ya nani, akakumbatia sare zake. Zamu kwa kweli ilikuwa ya Lameki. Lameki mwenyewe ndiye aliyesimama katikati ya barabara akazuia magari kwa mikono miwili, dada apite.

Wakaondoka. Tukatoka wote mpaka barabarani, Mzee Rugaibula katikati yetu, tukatega masikio. Kokwijuka alijua tunasikiliza. Alipofika kwenye mlima wa kuelekea Kagondo akaongeza mafuta, makusudi kabisa, na ile injini ikapanda na abiria wake na kifurushi chake bila hata kukohoa. Ilikuwa inalia kama pikipiki, basi. Tukaishangilia kama goli.